Siku moja kazini: usonji, Kiswahili na Luganda jijini Kampala

Saa 1:30 asubuhi. Nafundisha watoto wenye usonji (autism) kuwasiliana. Kabla mtoto hajafika, nabandua kila kitu ukutani: kalenda, mabango ya herufi, hata pazia la maua. Hubaki mkeka, meza ndogo, viti viwili na kikapu chenye kifuniko. Mwanasesere aliye wazi juu ya meza atashinda maneno yangu yote. Paa ni la mabati, na mvua ikipiga tunahamia chumba cha ndani, maana mtoto aliyeziba masikio hafundishiki.

Saa 2:30. Familia mpya kutoka Kongo, mtoto wa miaka 4. Swali la kwanza si "anaongea?" bali nani huongea naye lugha gani, saa ngapi. Hapa Katwe jibu huwa karibu lile lile: Kiswahili kwa mama na bibi, Luganda uani na watoto wa jirani, Kiingereza shuleni. Maneno yanahesabiwa ya lugha zote. Mwenye 6 ya Kiswahili na 5 ya Luganda ana 11; anayepima kwa Kiingereza pekee ataandika sifuri. Akisema "mayi" kwa maji hajakosea matamshi, ndicho Kiswahili cha kwao.

Dodoso la M-CHAT-R lina maswali 20, lakini ni la miezi 16 hadi 30, tena ni chekeche tu, halithibitishi usonji. Huyu ameupita umri huo, hivyo tunamtazama akicheza. Kumkazia mtu mzima macho nyumba nyingi huona ni utovu wa adabu, basi nauliza: akicheza na dada yake, humtazama? Ng'ombe akipita, humwonyesha mtu kwa kidole? Na kipimo cha masikio kinatangulia, kwa sababu asiyeitika jina lake huenda hasikii.

"Mwalimu, shuleni wameniambia niache Kiswahili."

"Usiache, mama. Lugha mbili hazileti usonji wala haziuzidishi. Ukiacha, utamwogesha na kumbembeleza kwa lugha gani?"

Saa 4:00. Kipindi chenyewe, dakika 40. Mtego mkubwa ni swali. Ukiuliza "Unataka maji?" mtoto anayerudia maneno hujibu "Unataka maji", naye anataka kweli. Nafsi imo kwenye kiambishi, na amekibeba kama alivyokisikia. Kuhamia Luganda hakusaidii: "Oyagala amazzi?" huzaa mwangwi ule ule badala ya "Njagala amazzi." Dawa ni kuacha kuuliza. Shika kikombe, subiri, hesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha sema kwa niaba yake "Nataka maji" na umpe papo hapo.

Mkalimani naye aangaliwe. Wengi kwa wema wao hunyoosha sentensi, wakaniambia "anataka maji", na kosa nililolitafuta likapotea. Namwomba arudie sauti ilivyotoka.

Kwa wasiosema bado tunatumia picha. Kadi za dukani zina theluji na mashine ya kuoka mkate. Sisi tunapiga picha kikombe chake mwenyewe na sahani yake ya sombe (majani ya mhogo), sentimita 5 kwa 5. Tunaanza na picha moja na watu wazima wawili: mmoja mbele ameshika kitu, mwingine nyuma anaongoza mkono wa mtoto bila kusema lolote. Wa nyuma akifungua kinywa, mtoto atajifunza kusubiri kuambiwa. Mama akipokea picha anasema "maji", jirani anasema "amazzi". Picha ni ile ile.

Saa 7:00. Posho (ugali) na maharage, upesi.

Saa 8:30. Nyumbani kwa familia nyingine. Beseni la kuogea ndilo darasa: vua, mwaga, sugua, futa, kwa maneno yale yale kila jioni. Bibi anaamini ni mambo ya kurogwa. Sibishani naye, namwomba awe mwimbaji wa wimbo wa kuoga, maana mtoto humgeukia yeye kwanza. Ila kukata utando chini ya ulimi nakataa waziwazi: hakuleti maneno, huleta kidonda. Picha nazikuta zimewekwa juu ya kabati zisichafuke. Tunazishusha hadi usawa wa mkono wake.

Saa 10:30. Daftari: neno, lugha, nani alikuwepo, alisema mwenyewe au alirudia. Kisha kufuta posho kwenye kadi.