Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya mjenzi wa nyumba, Chake Chake, Pemba

Saa 11:30 alfajiri

Nikishasali hufungua daftari kabla sijagusa simu, kwa kuwa simu zikianza kuita sipati tena nafasi ya kufikiri. Tumo Februari na nina nyumba tatu mkononi: ya Vitongoji imefika kwenye lenta (mihimili ya zege ya juu ya madirisha), ya Wawi ndiyo kwanza kuta zake zinainuka, na ya Machomane inapigwa plasta. Masika yanaingia Machi, na nyumba ya Vitongoji isipoezekwa mapema, mvua za Aprili na Mei zitaikuta wazi.

Kila ukurasa wa daftari nimeugawa pande mbili. Kushoto ninaandika kazi ya leo. Kulia ninaandika kila kitu kitakachohitajika kwa kazi zinazofuata, pamoja na mtu anayepaswa kukileta au kukiamua. Upande wa kulia ndio unaonishughulisha zaidi. Katika kazi yangu sijaona nyumba nyingi zikicheleweshwa na fundi mzito wa mkono. Nilizoziona zikichelewa, nyingi zilicheleweshwa na siku ambazo mafundi hodari walikaa kivulini wakisubiri saruji, ufunguo wa stoo au jibu la mwenye nyumba, na siku hizo zote zilikuwa na gharama.

Saa 1:00 asubuhi

Nafika Vitongoji vibarua wakiteremsha maji. Leo tunamwaga zege la lenta fupi za juu ya madirisha.

“Ami, nondo zimetosha?” namuuliza fundi mkuu, ambaye ni mtu mzima kuliko mimi.

“Zimetosha, mwanangu. Tumekata jana jioni, na ringi zimeshafungwa.”

Zimetosha kwa sababu tulizipigia hesabu tangu kwenye ramani. Nondo moja ina urefu wa mita 12. Dirisha la mita 1.8 linahitaji kipande cha mita 2.4, ili kila upande kikae sentimita 30 juu ya ukuta, na nondo moja hutoa vipande vitano vya namna hiyo bila kubakisha chochote. Dirisha hilohilo likiongezwa sentimita 10 tu, nondo itatoa vipande vinne, na mita mbili nzima zitabaki bila kazi. Ndiyo maana ninamwomba mchoraji tukae pamoja kabla ya kukamilisha vipimo vya madirisha, jambo ambalo wajenzi wengi huliona ni la kupoteza muda.

Zege tunalichanganya kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo fundi seremala alitutengenezea sanduku la mbao la ujazo huo, nalo ndilo tunalopimia mchanga na kokoto. Pauro haipimi, kibarua aliyechoka hujaza tofauti na aliyeanza kazi asubuhi. Hatuchanganyi zege jipya muda wa chai ukikaribia, kwani likikaa zaidi ya saa moja kwenye jua letu huanza kushika, na kuliongezea maji ili lilainike ni kulidhoofisha.

Saa 4:00 asubuhi

Pale Wawi kazi inakwenda vizuri, kwa sababu matofali tulianza kuyafyatua wakati msingi bado unachimbwa. Yalimwagiliwa maji kivulini na kuachwa yakomae, na waashi walipomaliza msingi wakayakuta tayari.

Mwenye nyumba yuko Muscat, na amepiga simu kutaka mlango wa jikoni uhamishwe upande wa kisima. Namsikiliza kwa heshima, kisha namwambia, “Bi Mkubwa, inawezekana, lakini nipe mpaka adhuhuri nikuandikie gharama yake.” Mabadiliko ya mdomo siyatekelezi. Naandika kitakachobomolewa, kitakachoongezwa, bei na siku zitakazoongezeka, namtumia, na waashi ninawahamishia ukuta wa vyumba vya kulala ili wasisimame tukisubiri jibu.

Saa 6:00 mchana

Saruji, nondo na bati vyote hutufikia kwa kuvuka bahari, kwa hiyo sisubiri stoo iwe tupu ndipo niagize. Hata hivyo, kujaza saruji ya miezi mingi si busara katika hewa yetu ya unyevu. Ninaweka akiba ya kiasi juu ya mbao, mbali na ukuta, na mifuko iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Mchanga nao unahitaji subira, kwa kuwa uchimbaji wake unasimamiwa na Serikali kwa vibali. Ninauagiza mapema, na mchanga wa ufukweni siupokei kwa bei yoyote, maana chumvi yake hula nondo ndani ya zege.

Saa 9:00 alasiri

Alhamisi ni siku ya malipo. Pale Machomane plasta ninalipa kwa mapatano ya chumba, baada ya kupitisha ubao ulionyooka ukutani mbele ya fundi mwenyewe. Zege silipi kwa mapatano kamwe. Ninalipa kwa siku, kwa sababu anayelipwa kwa kumaliza haraka atapunguza kushindilia, na kasoro hiyo haionekani mpaka ukuta uanze kupasuka. Fedha ninazikabidhi mkononi au kwa simu siku ileile iliyoahidiwa. Fundi anayejua kwamba Alhamisi atalipwa haondoki Jumamosi kwenda kwa mjenzi mwingine.

Saa 12:30 jioni

Bi Mkubwa amejibu: mlango unahama, na gharama ameikubali. Nalihamishia jibu lake kwenye daftari.

Kesho Ijumaa hatufanyi kazi, lakini zege la leo linahitaji maji kwa siku saba mfululizo. Kijana wa jirani pale Vitongoji amekubali kulimwagilia asubuhi na jioni, nasi tumekubaliana malipo yake. Nampigia dereva wa lori kuhusu mbao za paa. Anasema Jumamosi saa 1:00 atakuwa amefika, na seremala namwambia awepo saa hiyohiyo.