Ile gesi ya AC, nimeikuta kwenye grafu

Jana usiku badala ya kulala nimekaa naangalia grafu moja tu, ya gesi ya 134a, ile wanayojaza kwenye AC za magari na friji nyingi za zamani kidogo. Mstari wenyewe kusema kweli unachosha, unapanda tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 angani ilikuwa karibu haipo, leo imeshapita molekuli 100 kwenye kila trilioni moja za hewa. Utasema ndo nini hicho, ila kilo moja ya hii kitu inapasha dunia kuliko kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi ukipiga hesabu ya miaka 100, na yenyewe inakaa huko juu miaka kama 14 hivi.

Kaboni dayoksaidi unaweza kuisingizia volkano au moto wa pori. Hii hapana, hakuna mti wala ng'ombe anayeitoa, yaani kila molekuli ilitoka kiwandani, ikatiwa kwenye mtungi, mtu akailipia hela, halafu ikavuja. Au ikaachiwa makusudi, mana gereji ngapi fundi analegeza valvu psssss ya zamani inaondoka ndo anajaza mpya?

Na hiyo psssss inaonekana mpaka Cape Grim, kisiwa cha Tasmania huko Australia, kituo cha kupima hewa kiko juu ya jabali la pwani, upepo unafika umetoka bahari ya kusini haujapita mji wowote. Toka 1978 wanajaza hewa kwenye matangi wanaweka stoo, ili mashine kali zaidi zikija wapime hewa ya miaka ile. Aliyewaza kutunza hewa kabla hajajua ataitafutia nini, huyo namheshimu sana.

Cha kuchekesha (kama kinachekesha) 134a ililetwa kuwa suluhisho, badala ya R12, gesi ya friji ya zamani iliyokuwa inakula ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na kweli ozoni haiigusi. Ikabidi 2016 nchi zikutane tena, Kigali hapo kwa majirani, zikubaliane kuzipunguza hizi HFC, yaani kundi la gesi ambalo 134a imo, nchi nyingi zinazoendelea zisimamishe kiwango 2024 zianze kushusha 2029. Friji mpya ukichungulia nyuma siku hizi mara nyingi ni R600a, gesi nyingine isiyopasha dunia kama hii, afadhali. Magari ya mtumba ndo bado sana.

AC ya gari yangu nayo haipoozi. Nitaipeleka, ila kwanza nimuulize fundi kama ana mashine ya kunyonya gesi iliyobaki, na ninavyomjua atanijibu kwa kunitajia bei yake.