Exodus walivyorudi na Tempo of the Damned

Kati ya bendi kongwe za thrashi, yaani muziki wa metali wenye kasi na ukali, zilizorudi ulingoni baada ya kimya kirefu, sioni iliyorudi kwa kishindo kama Exodus walipotoa albamu ya Tempo of the Damned mwaka 2004, miaka 12 baada ya albamu yao ya studio iliyotangulia, Force of Habit. Mwaka 2001 walikuwa wamepanda jukwaani San Francisco katika tamasha la kuchangia matibabu ya Chuck Billy wa bendi ya Testament na Chuck Schuldiner wa bendi ya Death, waliokuwa wakiugua saratani, na mwimbaji siku hiyo alikuwa Paul Baloff, sauti ya albamu yao ya kwanza, Bonded by Blood. Februari 2002 Baloff alipatwa na kiharusi akafariki, na nafasi yake ikachukuliwa na Steve Souza, yule yule aliyempokea miaka ya 1980.

Baada ya msiba kama huo mtu angetegemea albamu ya maombolezo, lakini hii imejaa hasira tupu. Sauti ya Souza inakwaruza kiasi kwamba wapo wasioivumilia kabisa, nami siwalaumu, ila hapa anasikika kama mtu mzima anayefoka kwa sababu anazo sababu za kufoka. Wimbo wa War Is My Shepherd unaigeuza Zaburi ya 23 kuwa sala ya wapenda vita, na kwa aliyeikariri zaburi hiyo tangu utotoni, dhihaka hiyo inachoma.

Hata hivyo, mhimili wa albamu ni magitaa ya Gary Holt na Rick Hunolt. Sikiliza Blacklist, ambayo haina haraka hata kidogo: nyuzi zinazimwa kwa kiganja, magitaa mawili yanakata kwa pamoja, na Tom Hunting anaziacha ngoma zipumue badala ya kujaza kila upenyo. Mtayarishaji Andy Sneap alirekodi kila pigo likasikika peke yake, tofauti na Bonded by Blood iliyozama katika mwangwi.

Impaler ni wimbo wa tangu enzi za Kirk Hammett, mpiga gitaa wao wa awali, kabla hajahamia bendi ya Metallica mwaka 1983, na sehemu yake ilikwisha kusikika katika Trapped Under Ice ya Metallica. Bado unakaa sawa kabisa kati ya nyimbo mpya. Kwa bahati mbaya kikosi hiki hakikudumu, kwani albamu iliyofuata mwaka 2005 ilirekodiwa bila Souza, Hunolt wala Hunting, na kwa masikio yangu haiifikii hii.