Mwewe Mweupe wa Kansas

Nilimwona mimi kwanza, na hilo sitaki ubishi. Mzee alikuwa kwenye usukani, macho barabarani. Mimi nimeegemea dirisha nikikagua nguzo za umeme moja baada ya nyingine. Kwa Kiingereza nilimwita kwa jina lake kavu kama walivyo wenyewe, ila moyoni alikuwa Mzee, na hapa atabaki Mzee.

Ilikuwa Hesabu ya Ndege ya Krismasi, huko Kansas, Marekani. Hesabu hii ilianza mwaka 1900. Kila eneo ni duara lenye kipenyo cha kilomita 24, na ndege wote unaowaona au kuwasikia ndani yake kwa siku moja unawaandika. Sisi tulipewa kipande cha mashamba matupu, changarawe na nyaya. Kwingine pangekuwa adhabu, lakini mwewe wanapapenda: wanakaa juu ya nguzo wanangoja panya.

"Simama! Nyuma kidogo!"

Alikuwa mweupe pe. Kichwa, kifua, tumbo, vyote. Theluji ilikuwa imebaki mabaka mabaka shambani, na yeye juu ya nguzo kama baka lililosahaulika.

"Albino," nikasema, tayari nimeshika penseli.

Mzee hakuinua hata darubini. Akaniuliza macho yake yana rangi gani. Nikatazama. Meusi, au kahawia iliyokolea sana. Basi albino hapo hayupo, akasema, kwa sababu albino hana melanini, ile rangi nyeusi ya mwilini, popote, hata machoni, na macho yake huwa ya waridi. Tena huyu ni mkubwa, amekomaa. Albino porini hafiki mbali: haoni vizuri, na manyoya yasiyo na melanini hulika upesi.

Nilinyamaza kidogo tu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha na kitabu cha ndege, na mtu aliyekesha na kitabu lazima akitumie. "Basi ni Krider."

Hapo Mzee akazima gari.

Krider ni mwewe mkia-mwekundu wa rangi hafifu, mzaliwa wa nyika za kaskazini, anayeshuka kusini majira ya baridi. Alipewa jina hilo mwaka 1873, kwa heshima ya John Krider, mkaushaji wa ndege waliokufa, wa Philadelphia. Kichwa chake huwa cheupe. Mkanda wa madoa tumboni, ambao mkia-mwekundu wa kawaida anauvaa kama mshipi, kwake ni kivuli tu au haupo kabisa. Ile alama nyeusi ya ukingo wa mbele wa bawa, kati ya bega na kifundo, imefifia. Mzee alikuwa akimtamani miaka mingi, nami nadhani ndiyo maana akaacha kuuliza maswali. Alihakikisha jambo moja tu: miguu. Ilikuwa mitupu, ya njano. Mwewe wa rangi ya kutu, ambaye naye ni mweupe kifuani, ana manyoya mpaka kwenye vidole.

"Andika," akasema, akafungua chupa ya kahawa.

Nikaandika "Krider" pembeni mwa karatasi. Lakini darubini sikuishusha. Si kwa busara. Mikono ilikuwa imeganda, na kuishikilia palepale kulikuwa rahisi kuliko kuisogeza. Vioo vilikuwa vikifunikwa na pumzi yangu, navifuta kwa kidole cha glavu, navirudisha.

Mwewe akajikung'uta. Akaruka, akapinda upande wa jua, mkia ukafunguka kama feni.

Mweupe wote, isipokuwa unyoya mmoja. Kushoto kidogo ya katikati, rangi ya tofali jipya, na karibu na ncha yake mstari mwembamba mweusi. Unyoya wa mkia-mwekundu wa kawaida kabisa, kama umeazimwa kwa jirani. Bawa la kulia lilikuwa na unyoya mmoja wa kahawia, la kushoto matatu.

Krider hana mkia wa namna hiyo. Wake ni mweupe kuanzia shina, kisha unaingia uwaridi kuelekea ncha, na manyoya yote yanafanana, kushoto kama kulia. Huyu alikuwa wa viraka, na viraka visivyolingana. Leusizimu: rangi imekosa kufika kwenye manyoya mengi, ikafika kwenye machache, bila mpango.

Nilimweleza Mzee nilichokiona, polepole, kwa sababu sikupenda kumharibia kahawa yake. Alimfuata yule ndege kwa darubini mpaka akawa nukta juu ya miti. Kisha akasonya.

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Mwekundu kabisa."

"Nami nilikuwa nakunywa kahawa."

Akaichukua karatasi, akapiga mstari juu ya "Krider", akaandika kwa herufi ndogo "leusizimu, unyoya mmoja mwekundu". Ndipo nilipoangalia safu ya jumla. Krider ni mkia-mwekundu, na mwenye leusizimu ni mkia-mwekundu vilevile. Tulikuwa tumesimama pale karibu nusu saa, heta limezimwa, na namba haikuhitaji kuguswa: 18.

Mzee akawasha gari. Nguzo tatu mbele alikuwepo wa kumi na tisa, wa kahawia, mshipi wake tumboni. Hatukupunguza hata mwendo.