Bakteria wa jicho la mwenye kisukari: majibu ya maabara yasomwe vipi kabla ya upasuaji

Jicho zima lisilo na ugonjwa lina bakteria. Ukiotesha sampuli ya konjunktiva, ule utando unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, mara nyingi ataota Staphylococcus epidermidis, na kwa baadhi ya watu Staphylococcus aureus. Kwa wenye kisukari sampuli huota mara nyingi zaidi, hasa walioishi nacho miaka mingi au ambao retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeshaathirika. Kuota huko si ugonjwa, na jicho lisilo jekundu wala usaha halihitaji antibiotiki kwa sababu tu karatasi ya maabara imetaja jina la bakteria. Hatari ipo siku jicho linapofunguliwa, kwa mfano kutoa mtoto wa jicho, maana hao hao ndio chanzo kikuu cha maambukizi ya ndani ya jicho.

Sampuli nyingi huharibika mikononi mwa mchukuaji. Chukua kabla ya kuweka tone lolote, hata la ganzi, kwa kuwa vihifadhi vilivyomo huzuia bakteria kuota. Lowesha kijiti cha pamba kwa maji ya chumvi tasa, vuta kope ya chini, mgonjwa atazame juu, kisha pitisha kijiti kwenye mkunjo wa ndani wa kope hiyo bila kugusa nywele wala ukingo wa kope. Ukigusa ukingo, utakachootesha ni bakteria wa ngozi. Sampuli ipandwe mara moja kwenye agari ya damu na agari ya chokoleti, aina mbili za chakula kigumu cha kuoteshea bakteria (ya pili huitwa hivyo kwa rangi yake).

Kwenye kipimo cha usugu, yaani cha kuona ni antibiotiki gani zinazozuia bakteria kuota, mchanganyiko wa bakteria ulingane na 0.5 McFarland (kipimo cha uzito wa ukungu wake) na upakwe ndani ya dakika 15 kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4. Ukiwa mzito kupita kiasi, duara lisilo na bakteria kuzunguka kisahani (kikaratasi chenye dawa) husinyaa na bakteria anayesikia dawa ataonekana sugu. Kisahani cha sefoksitini cha mikrogramu 30 ndicho kinachofichua usugu kwa methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, na kwa Staphylococcus aureus duara la milimita 21 au chini ni sugu. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, isipimwe kwa kisahani. Kisahani chake hakitenganishi stafilokoki (bakteria wa jamii ya Staphylococcus) sugu na wasio sugu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: herufi S (dawa inafanya kazi) na R (bakteria ni sugu) kwenye majibu zimewekwa kwa kufuata kiwango cha dawa kinachofika kwenye damu. Tone la antibiotiki ya siprofloksasini la 0.3% lina miligramu 3 kwa kila mililita, kiwango ambacho damu haifiki hata karibu. Kwa hiyo R haimaanishi kila mara kwamba tone litashindwa. Lakini pia S haikupi ruhusa ya kumpa mgonjwa matone kwa wiki nzima kabla ya upasuaji. Hapo unawaua dhaifu na kuwaachia sugu nafasi.

Kinga tunayoitetea ni povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa, kwa sababu huua wanaosikia antibiotiki na wasiosikia. Kabla ya upasuaji weka ya 5% juu ya uso wa jicho na ya 10% kwenye ngozi na kope, subiri dakika 3 kamili kwa saa, kisha suuza. Inawasha, kwa hiyo tangulia na matone ya ganzi. Usitumie jeli ya ganzi kabla yake: hufunika utando na ayodini haiwafikii bakteria. Povidoni-ayodini yenye sabuni ya kunawia mikono isikaribie jicho kabisa, huunguza konea, kioo cha mbele cha jicho. Mwisho wa upasuaji wa mtoto wa jicho, antibiotiki ya sefuroksimi miligramu 1 ikidungwa ndani ya jicho huongeza kinga hiyo.

Mgonjwa akiruhusiwa, aambiwe wazi: kuona kukififia, arudi siku hiyo hiyo hata kama jicho haliumi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, karibu robo ya waliopata maambukizi ya ndani hawakuwa na maumivu, na konea ya mwenye kisukari mara nyingi imepoteza sehemu ya hisia zake.