Etajeri ya Jikoni Kwetu Mabanga

Mama mkwe hakuipenda etajeri ile tangu siku fundi alipoileta. Ilikuwa Machi 2021, na mimi ndiye niliyeitaka: mbao tatu ukutani, bila milango, juu ya meza tunapochambulia mboga. Nilichoshwa na kabati letu la zamani, giza tupu ndani, unatafuta chumvi unashika sabuni. Nilitaka niingie jikoni asubuhi nione vyombo vyangu vyote mara moja.

"Jikoni si duka, mwanangu," aliniambia. "Unamwonyesha nani?"

Halafu akauliza habari ya vumbi, na hapo alikuwa na haki. Vumbi la Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ni jeusi, ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu ya magari na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, linaingia hata dirisha likifungwa. Tena sisi tunapikia makaa. Ndani ya wiki mbili nilijifunza jambo ambalo nalishika hadi leo: sahani tunazolia kila siku hazikupata vumbi, maana zilioshwa kila siku. Mabakuli ya wageni ndiyo yalinitesa. Moshi wa mafuta ya kukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ulipanda ukayashika, vumbi likaja juu yake, na kuyasugua ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikayarudisha kabatini. Kwenye etajeri nikaacha vile tu ambavyo mkono unavifikia kila siku: sahani, vikombe, chupa za vioo zenye maharagwe, mchele na sukari, ungo juu kabisa. Chini ya vitu nikatandika vitambaa vyeupe ambavyo mama mwenyewe alivifuma kwa kroshe. Nilidhani vitamlainisha moyo. Aliviangalia, akasema vimekaa vizuri, akaenda zake chumbani kwake, kwenye sanduku lake la bati.

Sanduku hilo lilikuwa na kila kitu chake cha maana, na kufuli halikutoka. Mume wangu aliwahi kunieleza sababu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, ilipopita katikati ya mji, mama alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, akimshika mkono yeye, mtoto wa miaka tisa, na sufuria moja kichwani. Waliporudi, mahali pa nyumba yao palikuwa jiwe jeusi bado lina joto. Tangu hapo mama hakupanga tena vyombo vyake mahali. Aliviweka tayari kwa safari.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ya upande wa mlima iligeuka nyekundu. Lava haikufika kwetu. Kilichofika ni matetemeko, siku baada ya siku, mengine madogo kama lori linalopita, mengine ya kumwamsha mtoto akilia. Usiku mmoja katika siku hizo nilisikia etajeri ikianguka. Si vyombo peke yake, etajeri nzima. Tukaenda na tochi. Chupa zote zilikuwa zimevunjika, maharagwe na vioo vimechanganyika hata hayakufaa kuokotwa. Alhamisi alfajiri gavana akatangaza kwamba mitaa kumi ihame, Mabanga Kusini ikiwemo, nasi tukaingia katika umati wa barabara ya kwenda mji wa Sake. Sanduku la mama lilikwenda kwa chukudu. Mimi sikubeba hata kijiko.

Tulirudi Juni. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa imesimama, maana nyumba ya mbao hucheza na tetemeko. Majirani wenye kuta za matofali ndio walikuta nyufa. Nikafagia vioo kimya. Nilikuwa nimeamua mbao zile tatu ziende kuwasha moto, na nilikuwa nazitoa nje mama aliponizuia mlangoni.

"Rudisha. Kwanza tuangalie kwa nini ilianguka."

Akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila siku bila kukiona. Kwenye ukuta wa mbao, misumari imepangwa kwa mistari, kutoka juu hadi chini. Kila mstari unakuambia nyuma yake kuna nguzo. Fundi wangu alikuwa amepigilia vishikizo katikati ya mistari, kwenye ubao mtupu mwembamba kama kidole. Hata bila tetemeko, alisema mama, uzito wa sahani ungeung'oa.

Siku ile nzima tulifanya kazi sisi wawili. Mume wangu alileta skrubu ndefu, akatoboa pale mama alipoweka alama ya makaa, juu ya nguzo, tatu kwa kila ubao. Kisha mama akataka kipande chembamba cha mbao mbele ya kila rafu, kimo cha vidole viwili, kuzuia vyombo visiteleze. Nilikataa. Niliona kitaficha sahani, kitafanya etajeri ionekane kama kitanda cha mtoto. Akachukua vile vitambaa vya kroshe, akavifua, na vilipokauka akanionyesha: tusivitandike tena chini ya vyombo, ambako ndiko vilikosaidia sahani kuteleza, bali tuvining'inize mbele, vikifunika kile kipande. Ncha zake zikaanguka kama ushanga. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoipanga mimi, na nilimwambia hivyo.

Vitu vizito vikakaa chini: sufuria, sahani za bati. Katikati, maharagwe na mchele, sasa ndani ya makopo ya plastiki yenye vifuniko. Juu, ungo na vikapu, ambavyo vikimwangukia mtu havimuumizi. Vikombe tulivitundika kwenye misumari iliyokunjwa, chini ya ubao wa kati.

Misumari sita ilibaki mitupu, kwa sababu vikombe vyangu vya udongo vilikuwa vimevunjika. Mama aliihesabu. Akaingia chumbani, nikasikia kufuli. Alirudi na vikombe vyeupe vyenye mstari wa bluu mdomoni, ambavyo katika miaka miwili ya ndoa sikuwahi kuviona. Alivinunua kimoja kimoja, alisema, baada ya 2002, kila alipouza vizuri sokoni.

"Hapa, ama pale karibu na dirisha?" aliniuliza.

"Popote unapotaka, mama."

Alivitundika polepole, akigeuza mshikio wa kila kimoja uelekee upande mmoja. Vitano. Cha sita alikishika kidogo, akakipangusa kwa ncha ya kikwembe chake, akakirudisha sandukuni, akafunga.