Jinsi Nilivyotunza Fedha kwa Miezi Mitatu Ugenini

Nilipopata nafasi ya kukaa likizoni nje ya nchi kwa miezi mitatu mfululizo, jambo lililonipa wasiwasi kuliko viza na tiketi ya ndege lilikuwa namna ya kuifikisha akiba yangu hadi wiki ya mwisho. Likizo ya siku saba humvumilia mtu anayetumia bila hesabu, kwa kuwa hurudi nyumbani kabla makosa yake hayajalimbikizana; katika likizo ya wiki 13, kosa dogo la siku ya kwanza linaweza kurudiwa mara tisini.

Kabla ya kuondoka nilitenga gharama zisizokwepeka, yaani pango, bima na nauli ya kurudi, pamoja na fungu la dharura, kisha kilichobaki nikakigawa kwa 13. Kila Jumatatu asubuhi nilihamishia posho ya wiki kwenye akaunti ya kadi niliyotembea nayo, na akiba kubwa ikabaki kwenye akaunti nyingine ambayo kadi yake niliifungia chumbani. Hivyo, hata kama kadi ya mfukoni ingeibwa au kunakiliwa, mwizi asingepata zaidi ya posho ya wiki moja.

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya nne, niliponunua koti la mvua na viatu vya kutembelea. Nilipoingiza kadi, kioo cha mashine kiliniuliza kama nilipe kwa sarafu ya nchi ile au ya nyumbani, na chini yake kikaonyesha kiasi kwa fedha za kwetu. Nilichagua ya nyumbani kwa sababu tarakimu zile nilizielewa mara moja. Jioni nililinganisha risiti na kiwango cha benki yangu cha siku ile, nikakuta nimelipa karibu asilimia 6 zaidi. Ukichagua sarafu ya nyumbani, ubadilishaji hufanywa na kampuni inayohudumia mashine ya dukani, kwa kiwango ilichojipangia na ambacho faida yake imo ndani. Ukichagua sarafu ya pale ulipo, hutumika kiwango cha mtandao wa kadi, yaani kampuni kama Visa au Mastercard, ambacho kwa kawaida hukaribia kile cha soko, hata benki yako ikiongeza ada yake. Mashine za kutolea fedha nazo huuliza swali hilohilo, tena kwa maneno yanayokufanya udhani kwamba ukikataa hutapata kitu. Nilikataa kila mara, na kila mara noti zilitoka.

Kwa kuwa benki yangu hukata ada isiyobadilika kila ninapotoa fedha taslimu, nilitoa mara moja tu kila baada ya wiki mbili, kwenye mashine iliyo ndani ya tawi la benki. Maduka ya kubadilishia fedha niliyakwepa, hasa ya uwanja wa ndege. Bango la kusema hawatozi ada lisikudanganye: tazama pengo kati ya bei yao ya kununua na ya kuuza, maana faida yao imo humo.

Wiki ya tano nilipata shida ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nanunua tiketi ya treni mtandaoni, na benki ikatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yangu ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimeichomoa ili niweke laini ya ugenini. Nilihangaika kuirudisha kwa ncha ya pini, lakini muda wa ile namba ulikwisha kabla simu haijashika mtandao. Baada ya jaribio la tatu kadi ilifungwa, na ilinichukua saa mbili za kupiga simu hadi ilipofunguliwa. Tangu siku hiyo laini ya nyumbani haikutoka kwenye simu. Niliizimia data na kuiacha ipokee ujumbe tu. Ningemsihi kila anayesafiri ajaribu jambo hili mapema, na pia atazame tarehe ya mwisho ya kadi yake.

Katika manunuzi ya kila siku nilijifunza kusoma maandishi madogo kwenye rafu yanayoonyesha bei kwa kilo au kwa lita, kwa sababu pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Vitu vya nyumba niliyopanga nilivinunua wiki ya kwanza, na zawadi nikaziacha hadi wiki mbili za mwisho, nilipokwisha kujua bei halisi na uzito wa mizigo yangu. Risiti za vitu vya thamani nilizihifadhi kwenye bahasha moja, kwa kuwa nchi nyingi humrudishia mgeni kodi ya ongezeko la thamani. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, bidhaa lazima iondoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya ule wa ununuzi, na forodha ithibitishe fomu yake.

Jumatatu ya mwisho nilimwaga mezani sarafu za chuma nilizokusanya kwa miezi mitatu, kwa kuwa maduka mengi ya kubadilisha fedha hupokea noti tu. Nilizipanga kwa thamani, nikazitumia zote kwa mahitaji ya wiki ile, na kiasi kilichopungua nikakimalizia kwa kadi. Fungu la dharura nilirudi nalo likiwa kamili.